Mkulima Hufa, Shamba Hubaki

Katika nchi ya Matinyani, upande wa Kitui Magharibi, mkulima mzee akifariki habari haikawii kuenea. Majirani hukusanyika uani, wanawake huleta kuni na maji, vijana huchukua majembe na sururu wakachimba kaburi katika shamba la marehemu mwenyewe. Nyimbo za Kikristo huimbwa kwa Kikamba, mchungaji husoma maneno ya Mungu, na udongo ule ule alioulima maisha yake yote ndio humfunika. Watu wakisha kunawa mikono hutazama huku na huku: matuta yaliyozuia udongo usichukuliwe na mvua, miembe, zizi la ng'ombe, ghala ya mtama na kunde. Hapo ndipo huja swali lisilotamkwa kwa sauti siku ya matanga, nalo ni hili: Ni nani atakayeyashika haya, na kwa haki gani?

Swali hilo ni kubwa kuliko linavyodhaniwa. Mashamba mengi mema yameharibika si kwa ukosefu wa mvua, bali kwa ugomvi wa warithi. Kwa hiyo yafaa kutazama maisha ya mkulima Mkristo wa Kitui tangu mwanzo wake, jinsi alivyoipata imani yake, jinsi alivyopigana na nchi kavu, jinsi anavyozikwa, na jinsi anavyopaswa kuiacha mali yake.

MBEGU ILIYOPANDWA NA WALUTHERI

Wengi hawajui kwamba Wakristo wa kwanza wa Kitui walifundishwa na watu wa madhehebu ya Kilutheri. Mzungu wa kwanza kufika huko kuhubiri alikuwa Johann Ludwig Krapf, naye alikuwa mtoto wa mkulima. Alizaliwa mwaka wa 1810 katika kijiji cha Derendingen, kusini ya nchi ya Ujerumani, katika nyumba ya Kilutheri. Alitumwa na Chama cha Misioni cha Kanisa la Uingereza, akafika Mombasa mwaka wa 1844, na mwaka huo huo akamzika mkewe pamoja na mtoto wao mchanga. Hakurudi nyuma. Mwishoni mwa mwaka wa 1849 alikwenda Kitui kwa miguu, akapokewa na Kivoi, mfanyi biashara mkuu wa Wakamba, na tarehe 3 Desemba akauona Mlima Kenya na theluji yake kutoka huko. Mwaka wa 1850 Injili ya Marko aliyoitia katika Kikamba ilipigwa chapa huko Tübingen.

Safari yake ya pili, mwaka wa 1851, ilimfundisha jambo ambalo kila mkulima wa Kitui hulijua tangu utoto. Msafara ulishambuliwa na wanyang'anyi karibu na mto Tana, Kivoi akauawa, na Krapf akajikuta peke yake nyikani, hana chakula wala maji. Alipofika mtoni alitia maji katika mitutu ya bunduki yake na katika mfuko wa ngozi wa darubini, maana hakuwa na chombo kingine. Mtoto wa mkulima kutoka nchi ya mvua alijifunza siku hiyo kwamba katika nchi ya Ukambani maji ndiyo uhai.

Baada ya Krapf ilipita miaka mingi. Mwaka wa 1886 Walutheri wa Bavaria waliunda chama cha misioni kwa ajili ya Afrika ya Mashariki, wakaanza kazi karibu na Rabai, kisha wakapanda bara wakajenga Ikutha, kusini ya Kitui, mwaka wa 1891. Baada ya muda mfupi kazi hiyo ilipokewa na Misioni ya Leipzig, ile ile iliyoanza kazi Kilimanjaro mwaka wa 1893. Baadaye kituo kingine kilijengwa Mulango, karibu na mji wa Kitui. Wamisioni hao walijifunza Kikamba kwa bidii, wakaandika sarufi na mambo ya desturi, lakini waliobatizwa walikuwa wachache sana kwa miaka mingi.

Ndipo ikaja njaa kuu ya mwaka wa 1898 na 1899, ambayo Wakamba huiita Ngomanisye, yaani iliyoingia kila mahali. Mvua zilikoma, ng'ombe walikuwa wamekwisha kupungua kwa sotoka, na ndui ikafuata. Watu wakatawanyika kutafuta chakula. Katika vituo vya misioni, kama kwingineko, waliokuwa na kitu waligawana na wasiokuwa nacho. Dini iliyokuwa imesikika kama maneno ya wageni ilianza kuonekana kama kazi ya mikono.

Vita ya mwaka wa 1914 ilibadilisha mambo yote. Wamisioni wa Kijerumani walizuiliwa na Serikali ya Kiingereza, kisha wakaondolewa nchini, na vituo vyao vya Ukambani vikatiwa mikononi mwa Africa Inland Mission. Misioni hiyo haikuwa ngeni, kwa kuwa ilianza mwaka wa 1895 pale Nzaui, upande wa Makueni, ambako kiongozi wake, Peter Cameron Scott, alifariki kwa homa mwaka uliofuata. Kilimanjaro Walutheri wa Leipzig waliruhusiwa kurudi katika miaka ya 1920, na Kanisa lao likakua sana. Ukambani hawakurudi katika kazi yao ya zamani. Basi mkulima wa Kitui aliyebatizwa Mlutheri alijikuta, pasipo kuhama nyumba yake wala shamba lake, ni mtu wa misioni nyingine. Walutheri wa nchi nyingine, Waswidi, walianza kazi Kisii mwaka wa 1948, lakini hiyo ni habari ya upande mwingine wa Kenya.

Je, kazi ya wale wa kwanza ilipotea? Mtu aweza kujibu kwa kumtazama mwana mmoja wa Mulango, Profesa John Mbiti, aliyezaliwa mwaka wa 1931 katika nyumba ya wakulima, akawa mtaalamu wa elimu ya dini aliyejulikana duniani kote. Alilelewa katika Kanisa lililoshika kituo kile cha Walutheri, akawa kasisi wa Kianglikana, na katika uzee wake akaitia Agano Jipya katika Kikamba kutoka Kigiriki chenyewe. Alifariki Uswisi mwaka wa 2019. Mbegu haiulizi jina la aliyeipanda. Huuliza udongo na mvua.

KAZI YA SHAMBA KATIKA NCHI KAVU

Maisha ya mkulima wa Matinyani hupimwa kwa mvua. Ziko mvua mbili kwa mwaka, za Machi hadi Mei na za Oktoba hadi Desemba, na mkulima mwenye busara huitegemea zaidi hii ya pili, kwa sababu ile ya kwanza hudanganya mara nyingi. Ndiyo maana wazee hawakuweka tumaini lao katika mmea mmoja. Walipanda mtama na mawele ambayo huvumilia jua, wakachanganya na kunde, mbaazi na pojo. Mahindi yalipoenea watu waliyapenda kwa chakula cha muthokoi, lakini yaliwaangusha mara kwa mara, hata wataalamu wa kituo cha Katumani karibu na Machakos walipotoa, katika miaka ya 1960, mbegu ya mahindi ikomaayo upesi kabla mvua haijaisha. Hata hivyo mkulima aliyetupa mtama wake akashika mahindi peke yake alijuta mwaka wa kiangazi.

Kila kizazi kina njaa yake, na Wakamba wamezipa majina ili zisisahauliwe. Njaa ya mwaka wa 1961 iliitwa ya ndege, maana chakula kiliangushwa kutoka angani. Ya mwaka wa 1965 iliitwa ya unga wa ata. Ile ya mwanzo wa miaka ya 1980 iliitwa Nikw'a Ngwete, maana yake nafa huku nimeshika fedha mkononi, kwa kuwa fedha zilikuwapo lakini chakula cha kununua hakikuwapo. Mtu aliyezaliwa kabla ya njaa ya ndege na kufariki katika uzee mwema amekwisha kupita katika majaribu hayo yote, na hakuna aliyempa nishani.

Silaha yake ilikuwa jembe na majirani zake. Wakamba tangu zamani walikuwa na mwethya, yaani kazi ya pamoja, ambapo watu wa mtaa hukusanyika kumlimia mmoja leo na mwingine kesho. Katika siku za ukoloni Serikali ilitumia jina hilo kwa kazi ya kuzuia mmomonyoko wa udongo, na mara nyingine kwa kulazimisha, na watu walinung'unika. Lakini faida ya matuta ilipoonekana, waliendelea wenyewe bila kusukumwa. Njia iliyopendwa sana ni ile iitwayo fanya juu: mkulima huchimba mtaro kukata mteremko na kutupa udongo upande wa juu, kisha hupanda majani juu ya tuta, na kwa miaka kadhaa shamba lililokuwa mteremko hugeuka kuwa ngazi. Maji ya mvua hayakimbii tena, hukaa yakanywewa na mimea.

Jambo hili si la kubahatisha. Watafiti watatu, Tiffen, Mortimore na Gichuki, waliichunguza wilaya jirani ya Machakos na kutoa kitabu mwaka wa 1994. Walionyesha kwamba kati ya miaka ya 1930 na 1990 watu waliongezeka kiasi cha mara tano, na bado mmomonyoko ulipungua. Katika miaka ya 1930 maofisa waliiandikia nchi ile kana kwamba ilikuwa ikielekea kuwa jangwa. Walioiponya ni wakulima, hasa wanawake wa mwethya, pamoja na fedha zilizoletwa nyumbani na waume waliofanya kazi mjini.

Kitui nako kumefanyika kazi ya maji yenye kusifiwa. Mito mingi ya huko, kama Tiva, hujaa siku chache za mvua, kisha hubaki mchanga mtupu. Tangu zamani wanawake walichimba visima katika mchanga huo. Kutokana na maarifa hayo yamejengwa mabwawa ya mchanga: ukuta wa mawe na saruji hujengwa kukata mto, mafuriko hujaza mchanga nyuma yake, na maji hujificha ndani ya mchanga ambako jua haliyafikii wala mbu hawazai. Tangu miaka ya 1990 shirika la SASOL pamoja na wananchi wamejenga mamia ya mabwawa ya namna hiyo katika nchi ya Kitui. Wananchi hubeba mawe, maji na mchanga. Shirika huleta saruji na fundi.

MAUTI NA MAZIKO

Kaburi la mkulima ndani ya shamba lake laonekana kama desturi ya tangu milele, kumbe sivyo. Mswidi mmoja, Gerhard Lindblom, aliyekaa Ukambani kabla ya vita ya 1914 na kuandika kitabu kikubwa juu ya desturi za Wakamba, alieleza kwamba siku zile waliozikwa ardhini walikuwa wazee wenye heshima na wake zao wakubwa. Maiti ya watu wengine ilipelekwa porini. Mauti ilikuwa unajisi, na nyumba ilitakaswa kwa dawa iitwayo ng'ondu kabla watu hawajarudia kazi zao. Haikuwa kwa kukosa upendo. Ilikuwa hofu kwa ajili ya walio hai.

Mafundisho ya Kikristo yalileta badiliko ambalo halikupigiwa kelele, lakini lilikuwa kubwa: kila mtu azikwe, mtoto mchanga na mzee, maskini na tajiri, mjane asiye na mwana na mwenye ng'ombe mia. Wakristo wa kwanza walioshika maiti kwa mikono yao walitazamwa na majirani kwa hofu. Walipoonekana wazima baada ya miezi na miaka, hofu ikapungua. Siku hizi hata nyumba isiyo ya Kikristo huzika.

Hata hivyo fikira njema za kale hazikupotea. Profesa Mbiti alieleza kwamba kwa Waafrika wengi aliyekufa haondoki mara moja. Maadamu wako wanaomkumbuka kwa jina na sura, yeye ni kama mfu aliye hai katika jamaa yake, naye yumo katika Sasa. Afapo mtu wa mwisho aliyemjua, ndipo huzama katika Zamani. Profesa alichukua maneno hayo mawili ya Kiswahili, Sasa na Zamani, akayatia katika elimu ya ulimwengu. Mtoto anayeitwa jina la babu yake hurefusha Sasa ya babu huyo. Kadhalika na tuta lililochimbwa vizuri. Mtu apitapo akasema, “Hili lilichimbwa na fulani,” fulani huyo hajasahauliwa.

Lakini yako madhara mapya. Matanga yamekuwa ghali. Maiti hukaa siku nyingi katika chumba cha hospitali, na ada yake huongezeka kila uchao. Magari hukodiwa, hema hukodiwa, ng'ombe wawili au watatu huchinjwa. Jamaa nyingine huuza dume la kulimia ili kumzika mwenye dume, na mvua inyeshapo hakuna cha kukokota plau. Heshima ya marehemu haipimwi kwa sufuria za pilau. Mzee aliyekaa miaka sitini akilinda mifugo yake hatafurahi kuiona yote ikiliwa kwa siku tatu.

WASIA

Hapa ndipo penye hatari kubwa. Zamani Wakamba walikuwa na mashamba ya jamaa yaliyoitwa ng'undu, malisho ya mtu mmoja yaliyoitwa kisesi, na nyika ya wote iliyoitwa weu. Mgawanyo ulijulikana, na wazee wa ukoo walikuwa mashahidi. Siku hizi weu imekwisha, ardhi imepimwa na kuandikwa, na jina lililo katika hati ndilo lenye nguvu. Ikiwa jina hilo ni la mtu aliyekwisha kufa, shamba huwa kama nyumba isiyo na ufunguo: mjane hawezi kupata mkopo, mwana hawezi kutoa sehemu yake, na mjanja aweza kuuza kipande kwa karatasi ya uongo.

Yafaa hapa kukumbuka habari ya Martin Luther mwenyewe, ambaye Walutheri huitwa kwa jina lake. Mke wake, Katharina von Bora, alikuwa mkulima hodari. Alifuga ng'ombe na nguruwe, alipika pombe ya nyumbani, na alisimamia shamba dogo la Zülsdorf. Luther alijua kwamba sheria ya nchi yake ingempa mjane kitu kidogo tu na kumweka chini ya wasimamizi. Kwa hiyo mwaka wa 1542 aliandika wasia kwa mkono wake, akamwachia mkewe shamba na nyumba, akiamini kwamba mama ndiye mlinzi bora wa watoto wake. Lakini hakufuata taratibu za kisheria. Alipofariki mwezi wa Februari 1546, wanasheria waliukataa wasia ule, na mjane aliokolewa kwa amri ya mtawala wa nchi aliyeuthibitisha. Mwalimu mkubwa kama huyo aliponea chupuchupu. Basi mkulima asiye na rafiki mtawala atafanyaje?

Jibu liko katika Sheria ya Urithi ya Kenya, iliyoanza kutumika mwaka wa 1981. Kwanza, mtu mzima mwenye akili timamu aweza kuandika wasia. Autie sahihi au dole gumba mbele ya mashahidi wawili, nao waweke sahihi zao. Ni vema mashahidi wasiwe watu wanaopewa kitu katika wasia huo. Pili, wasia wa mdomo nao wakubaliwa ukisemwa mbele ya mashahidi wawili, lakini hauna nguvu ikiwa msemaji ataishi zaidi ya miezi mitatu baada ya kuusema. Wazee wengi hawalijui jambo hili. Husema neno lao katika ugonjwa, hupona, huishi miaka kumi, na wanawe hugombana juu ya neno lililokwisha kufa kabla ya msemaji.

Tatu, asipoacha wasia, mjane mwenye watoto hupata vyombo vya nyumbani viwe vyake kabisa, na mali nyingine huishika na kuitumia maisha yake. Baada yake hugawanywa sawasawa kwa watoto wote. Sheria husema watoto, haisemi wana wa kiume. Binti aliyeolewa ni mtoto, na Katiba ya mwaka wa 2010 imeikaza haki hiyo. Nne, hakuna mtu, awe mwana wa kwanza au ndugu wa marehemu, mwenye ruhusa ya kuuza au kugawa mali ya marehemu kabla mahakama haijatoa idhini. Afanyaye hivyo ametenda kosa la jinai. Jamaa na wapate cheti cha kifo, waende kwa chifu wapewe barua yenye majina ya warithi wote bila kumficha hata mmoja, kisha wapeleke maombi mahakamani. Habari itatangazwa katika Gazeti Rasmi, na mwenye neno atapewa siku thelathini za kulisema.

Jambo la mwisho halimo katika sheria, bali katika busara. Shamba la eka sita likigawanywa kwa warithi wanane, na kila kipande kikatiwa ua, matuta hukatwa katikati, mtaro wa juu humwaga maji katika nyumba ya chini, na hakuna apatae shibe. Wako ndugu waliopatana kuyaacha mashamba yalimwe kwa pamoja, aliye nyumbani akilima, walio Nairobi na Mombasa wakileta mbegu na fedha za dume, na mavuno yakagawanywa kwa hesabu. Mapatano ya namna hii yanahitaji kuandikwa kama wasia unavyohitaji kuandikwa, kwa kuwa mali bila daftari hupotea bila habari.

Basi mzee wa Matinyani aliyezuia udongo wa mlima usikimbie kwa miaka hamsini asishindwe na karatasi moja. Siku atakapokuwa na nguvu, baada ya mavuno, na awaite mkewe na watoto wake wote, wa kiume na wa kike, pamoja na mashahidi wawili waaminifu, aseme neno lake, liandikwe, litiwe sahihi. Kazi hiyo haimalizi hata asubuhi moja, na mchana bado kuna jua la kutosha kwenda kutazama kama tuta la chini halijabomoka.